Sikio la Kushoto

Wifi yangu mpenzi,

Kaa kwanza. Najua ukiisoma hii umesimama utaisoma huku unakoroga chungu, na nusu yake itaishia jikoni. Ukishakaa, pokea salamu zangu nyingi, zimekawia lakini hazijapoa. Hujambo? Magoti yanasemaje, yamekubaliana na zile ngazi au bado mnatazamana kwa jicho baya? Shemeji hajambo na kikohozi chake? Watoto je, yule wa mwisho bado anakataa viatu? Na Mama mfikishie shikamoo yangu. Mwambie sijamsahau, hata kama miguu yangu imesahau njia ya kwake.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Nimehamia chumba kingine, ghorofa ya juu kabisa, kina dirisha moja linalotazama matangi ya maji ya nyumba za jirani. Anayepakana nami ni mshonaji. Cherehani chake kiko upande wa pili wa ukuta, palepale ninapoegemeza kichwa, na kikianza kukimbia kitanda changu hutetemeka. Mwanzoni nilimlalamikia mwenye nyumba. Siku hizi mshonaji akikosa kazi mimi ndiye ninayenyong'onyea. Ndivyo yanavyokuwa, wifi. Mtu hufika mahali akawa anangoja kelele za mwenzake ili ajue kwamba siku inakwenda.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati namba yangu unayo. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati. Na ujumbe wako, tusidanganyane, husomwa na nyumba nzima kwa kuwa miwani yako haionekani siku zote. Hii naomba uisome peke yako, hata ikibidi uingie nayo bafuni. Tangu mimi na kaka yako tuachane, watu wengi waliniita kwa majina mapya. Wewe peke yako hukuninyang'anya neno wifi. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nikakujibu kompyuta, ukasema hata kinyozi siku hizi ana kompyuta. Leo nikueleze vizuri, maana bila hilo hutanielewa. Umeme unauzwa sokoni kama kitu kingine chochote. Usicheke, haupimwi kwa kibaba. Shida yake ni kwamba hauwekwi ghalani. Ukizalishwa lazima utumike saa ileile. Kwa hiyo kila kituo kinachozalisha lazima kitangulie kusema kwamba saa ijayo kitatoa kiasi gani, na kila kampuni inayouzia watu majumbani iseme itahitaji kiasi gani. Zamani kila mmoja alimpigia mwenzake, wakafichana, wakasingiziana. Sasa takwimu zote hupita katika nyumba moja iliyo katikati. Nyumba hiyo inapokea kutoka kwa huyu, inahakiki, inampa yule, na kila mmoja anaona kile tu alichoruhusiwa kuona. Sisi tunaiita Daraja. Mimi ni mmoja wa wanaokaa mbele ya skrini kuangalia Daraja lisikatike. Takwimu hupita mbele yangu kutwa nzima bila sauti, kama siafu, na kazi ikienda vizuri sina neno la kumwambia mtu tangu ninapoingia hadi ninapotoka. Mlinzi wa getini ndiye huniambia habari za asubuhi, na ndiye huniambia kwaheri. Katikati ni kimya.

Sasa sikia yaliyonipata.

Mwanzo wa mvua hizi zilizopita, wachimba barabara walikata waya wetu wa mawasiliano uliozikwa ardhini. Tulikuwa na njia ya akiba, ya mnara, lakini kifaa chake kilikuwa kimeungua na kipuri kilikuwa bado njiani kutoka ng'ambo. Daraja likakatika upande mmoja. Upande wenyewe ni ule wa kituo cha bwawani, kule mtoni, na wewe unamjua anayefanya kazi kule. Mimi pia nilijua yuko kule. Nilijua miaka yote. Ila takwimu hazina uso, wifi. Zilikuwa zinakuja kutoka mtoni kila saa na mimi nazipokea kama zinazotoka popote, na ndivyo nilivyoweza kuimudu kazi hii.

Kanuni zetu zinasema kwamba mawasiliano yakikatika, takwimu zisomwe kwa mdomo. Kila saa upande mmoja unampigia mwenzake kwenye simu inayorekodiwa. Hakuna kutaja jina, ni jina la kituo tu. Unasoma tarakimu mojamoja, mwenzako anazirudia, nawe ukiridhika unasema sahihi. Salamu haziruhusiwi, wala neno lolote nje ya hesabu, kwa sababu kila neno la ziada ni nafasi ya kukosea. Zamu ya mchana ilikuwa yangu.

Nikapiga. Ikaitikiwa. Sauti ikasema, "Kituo cha Mto hapa, niko tayari kupokea."

Kalamu ilinianguka. Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu siku ile pale kwenu, mlipokaa sebuleni watu wazima wote mnatusihi na sisi tunatazama zulia. Imekuwa nzito kidogo kuliko nilivyoiacha. Nikasema, "Daraja hapa, nasoma," kisha nikasoma. Sauti yangu ilinitoka kama ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Akarudia tarakimu zote. Nikasema sahihi. Naye akasoma zake, nikazirudia, akasema sahihi, simu ikakatwa. Hapakuwa na jingine. Baada ya saa moja nikampigia tena.

Tulisomeana hivyo kwa karibu wiki tatu. Hakuonyesha hata siku moja kwamba amenitambua. Nami sikuonyesha, maana simu inarekodiwa, na pia ningesema nini? Nilipopata habari kwako kwamba ameoa, na baadaye kwamba wamejaliwa mtoto, nilikuandikia pongezi na zilikuwa za kweli. Nililia pia, lakini hilo sikuliandika. Kwa hiyo sikuwa na haki ya kumwambia neno. Hata hivyo, ucheke usicheke, nilianza kwenda kazini mapema. Nilipiga pasi blauzi kwa ajili ya simu. Kabla ya kila saa kugonga nilikuwa nakunywa maji nilifungue koo, kana kwamba naenda kuimba. Miaka tisa sikuwa na mtu wa kunipigia kwa wakati, na sasa nilikuwa na mtu anayenisikiliza mara tisa kwa siku. Basi na ziwe tarakimu, nilijiambia. Mwenye njaa hachagui sahani.

Lakini jambo moja lilianza kuniudhi. Kila nilipokuwa nasoma, baada ya tarakimu mbili tatu, alisema, "Rudia." Nikirudia, anasema tena, "Rudia." Halafu nasikia mkwaruzo, kama simu inahamishwa, kisha anasema, "Nimepata," na kuanzia hapo anapata zote, ila anaandika polepole mno hadi nasikia anavyopumua. Saa inayofuata ni vilevile. Nilikasirika, wifi. Nilisema moyoni, huyu hajabadilika, bado ananifanya niseme kila kitu mara tatu. Unakumbuka mwaka wetu wa mwisho, nilivyokuwa nakuja kwako kulalamika kwamba naongea na ukuta? Ninamuuliza umekula, ananijibu kesho. Ninamwambia jambo la maana, anaitikia kwa kichwa kisha dakika mbili baadaye ananiuliza jambo lilelile. Wewe ulikuwa unanichekesha, unasema kaka yako masikio yake ni ya pambo, aliyapata kwenye mnada. Nami nilikuwa namwambia usoni kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Tulicheka sana kwa methali ile. Sasa nikiikumbuka inanichoma.

Kwa sababu siku moja, nikiwa naingoja ile rudia yake ya pili, nilijiuliza kwa nini mkwaruzo huja kila mara baada ya rudia, na kwa nini baada ya mkwaruzo anasikia. Nikamwona pale mezani kwake kama niko naye. Anaandika kwa mkono wa kulia. Kwa hiyo simu anaishika kwa kushoto, sikio la kushoto. Inapomshinda anaihamishia sikio la kulia, na hapo mkono wa kulia hauna nafasi, ndiyo maana anaandika polepole. Saa iliyofuata nikasikiliza vizuri ni tarakimu zipi zinazompotea. Hakuwa anapotewa na mbili wala nne. Zilikuwa sifuri, sita, saba na tisa, zile zenye mlio wa s, ambao ni mwembamba kama uzi. Miaka ile alikuwa kwenye ukumbi wa mitambo, unakumbuka, kabla hawajampandisha. Meza yake ilikuwa na mtambo upande wa kushoto. Nilimpelekea chakula mara moja nikatoka pale kichwa kinavuma hadi jioni. Yeye alikaa pale miaka.

Nikitaka kuhakikisha, nilifanya jambo ambalo si la kikazi. Nilikuwa nimeshafika katikati ya kusoma na alikuwa bado na simu kushoto. Kwa sauti ileile, bila kuipandisha wala kuishusha, baada ya tarakimu ya pili nikasema, "Chiriku."

Najua umetua hapo. Hata mimi mkono umetua. Tangu tumzike mtoto wetu nilikuwa nimelitamka jina lile mara moja tu, kwa sauti ndogo, na kaka yako hakulitamka mbele yangu hata mara moja, yeye aliyempa. Si ndiye aliyesema mtoto gani huyu anaongea tangu jogoo hadi taa, ni chiriku huyu, nasi sote tukasahau kama ana jina jingine? Basi nililisema pale, kwenye simu ya kazi, kati ya tarakimu za umeme. Kama angesikia, nilijua angenyamaza, au angekata simu, au angesema jambo.

Akasema, "Rudia."

Sikuweza. Nikamsomea tarakimu iliyokuwa inafuata.

Kuanzia hapo hasira iliniisha, nikabaki na kitu kingine ambacho sikijui jina. Nilianza kumsomea kwa sauti ya chini, nzito, polepole, kama mtu anayemwongoza mgeni kwenye ngazi zenye giza. Lakini mwili nao una siku zake. Siku moja nilikuwa na mafua, masikio yangu mwenyewe yameziba, kichwa kimejaa pamba. Tarakimu ya mbele ilikuwa tisa. Nikasoma tisa. Yeye akarudia sita. Na mimi, wifi, nikasema sahihi.

Kituo kikatoa umeme pungufu sana ya ule uliotakiwa. Kabla watu hawajagundua, mitaa kadhaa ya upande wa kusini ikazimika. Haikuchukua muda mrefu na hakuna aliyeumia, lakini kinyozi mmoja alikuja hadi getini kwetu akiwa ameongozana na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, wanataka kumwona mhusika. Walinzi walicheka hadi wakakaa chini. Mhusika alikuwa dirishani anawatazama, na hakucheka.

Mkuu wetu wa zamu tunamwita Bwana Sahihi, kwa kuwa hata ukimsalimia anaitikia kwa neno hilo. Si mtu mbaya. Aliziba masikio kwa vipokea sauti vyake akasikiliza simu zote za wiki zile, akiandika. Alipomaliza aliniita. Aliniuliza kwanza chiriku ndiyo nini. Nikamwambia alikuwa ndege dirishani, limenitoka tu. Akaligeukia dirisha letu, ambalo lina kioo cheusi na halijawahi kuonana na ndege, akaandika ndege. Kisha akaniambia kwamba kosa anaona ni la upande wa mtoni, mtu wa kule hasikii, amesema rudia mara nyingi kuliko vituo vingine vyote vikijumlishwa, na anakusudia kuwaandikia wakubwa wake wamwondoe kwenye chumba cha uendeshaji. Nilimwambia kwamba mtu wa mtoni alirudia sita kwa sauti inayosikika, kama kanuni inavyotaka, na mimi ndiye niliyesema sahihi. Kanuni ya kurudia imewekwa kwa ajili ya mtu anayekosea kusikia. Aliyepaswa kumsahihisha ni mimi. Hiyo ni kweli, wifi, hata leo naweza kuitetea. Bwana Sahihi alishika kalamu. Akaniuliza kama nataka iandikwe hivyo. Nikamwambia iandikwe.

Ikaandikwa. Nilipewa onyo, na nikaondolewa kwenye usomaji kuanzia siku iliyofuata. Sasa nimewekwa kwenye meza ya kulinganisha anwani, ambako hata takwimu hazipiti. Ni majina ya mitaa tu.

Jioni ile nilikuwa nimebakiwa na usomaji mmoja. Yeye hakujua kwamba ni wa mwisho. Nilimsomea kwa utaratibu ambao sijawahi kumsomea mtu chochote. Nikifika kwenye tisa nilisema, "Tisa, kumi kasoro moja." Nikifika kwenye sita nilisema, "Sita, nusu ya kumi na mbili." Hakusema rudia hata mara moja. Mkwaruzo haukuja. Alipomaliza kurudia nami nikasema sahihi, alikaa bila kukata simu, halafu akasema, "Leo laini iko safi." Hilo ndilo neno pekee nje ya hesabu alilosema katika wiki zote zile. Nikamjibu kwamba ndiyo, iko safi. Akakata.

Sijui kama alinijua. Nimeligeuza jambo hilo huku na huku. Kwa sikio lile, sauti yangu inaweza kumfikia kama sauti ya mwanamke yeyote aliye mbali. Usimuulize. Nakuomba sana, hilo usimuulize.

Siku chache baadaye kipuri kilifika, Daraja likaunganishwa, na takwimu za mtoni zikaanza kupita tena kimyakimya kama awali. Ofisini walipiga makofi. Nilipiga pia. Nilirudi chumbani kwangu mapema siku ile, na mshonaji alikuwa anashona. Nililala kitandani, wifi, kama alivyokuwa analala kaka yako, kwa ubavu wa kulia, uso ukutani. Alikuwa halali kwingine, unajua hata utotoni ulikuwa unamtania kwamba analinda ukuta usikimbie. Sikio langu la kulia likazama kwenye mto. La kushoto nikaliziba kwa kiganja. Cherehani kikapotea. Nilikihisi kwenye mbao za kitanda, lakini mlio wake haukuwapo.

Hapo ndipo nilipolia, na sasa nikwambie sababu, kwa kuwa wewe uliniuliza miaka tisa iliyopita kwa nini namwacha kaka yako nikakwambia tumeshindwana, nawe ukasema watu hawashindwani hivihivi, kuna jambo. Lilikuwapo.

Usiku ule homa ya Chiriku ilipoanza, kaka yako alikuwa zamu. Ni mimi niliyesema tungoje pakuche. Hayo unayajua. Usichojua ni kwamba baada ya mazishi sikuweza kukaa nalo. Kila aliponitazama nilidhani ananihesabia. Alikuwa hasemi kitu, na mimi nilikuwa siulizi kitu. Ikafika alasiri moja, ametoka kazini, amelala kwa ubavu wake uleule, uso ukutani. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nyuma yake. Nilijua yuko macho kwa sababu kidole chake kilikuwa kinachora kwenye chokaa. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kwa kuwa nilikuwa naona aibu hata na kuta. Nilisema, "Baba Chiriku, unaona ni mimi niliyemchelewesha?"

Hakujibu. Nikangoja. Kidole kikaendelea kuchora. Baada ya muda akageuka, akaniuliza kama kuna maji ya moto.

Nikamwekea maji ya moto. Wiki ileile nikafungasha.

Nilikuwa na hakika kwamba nimejibiwa, wifi. Niliondoka na jibu lile nikaishi nalo miaka tisa, nikalala nalo, nikaamka nalo. Na kichekesho ni kwamba muda wote huo nilikuwa nalipwa mshahara kwa kujua kinyume chake. Pale Darajani, ujumbe ukipelekwa na jibu lisirudi, hatusemi kwamba umekataliwa. Tunasema haujafika, na tunautuma tena. Kila anayeanza kazi namfundisha mimi hilo, siku yake ya kwanza.

Sitamuuliza tena. Nimelifikiria. Ningeweza kupanda basi, nikakaa upande wake wa kulia, nikamuuliza kwa sauti nzito ile aliyoizoea. Labda angesema hapana. Labda angesema ndiyo. Hilo nalo nimejiandaa kutolijua. Lakini akisema hapana, ningekuwa nimempa nini? Ningekuwa nimempelekea mtu mwenye mke na mtoto habari kwamba nyumba yake ya kwanza ilivunjika kwa sababu ya mto wa kulalia. Huo ni mzigo, na mimi nimeshazoea kuubeba peke yangu. Nimekupa wewe ncha moja tu, unisamehe.

Ila kuna mawili nakuomba, na ndiyo hasa yaliyonishikisha kalamu. La kwanza, mpeleke kaka yako hospitali wakampime masikio. Sema wewe ndiye uliyegundua, sema alipita ukamwita asikuitikie vizuri, sema lolote, mdomo unao. Asingoje hadi la kulia nalo lichoke. Nimemnusuru mara moja na sijui kama nilifanya vema, maana kule kazini kwake kuna ving'ora, na king'ora hakimngoji mtu ahamishe sikio. Akikataa kwenda, niarifu, kwa kuwa hapo itabidi niseme pale panapostahili, na sitaki liwe limetoka kwangu kabla yeye mwenyewe hajapewa nafasi.

La pili ni la mkewe. Simjui, na najua mimi si wa kumfundisha mtu ndoa. Lakini wewe ni wifi yake pia, na wewe unajua kusema jambo gumu likaingia kama mzaha. Mwambie wakitembea akae upande wa kulia wa mumewe. Na mwambie kwamba siku akimuuliza mumewe jambo kitandani, jambo dogo au kubwa, naye amelala vile na asijibu, asiondoke nalo. Azunguke kitanda, aende upande wa ukuta hata ikibidi akisogeze, amtazame usoni, amuulize tena.

Mimi nimesema. Nisalimie wote wa hapo nyumbani, wakubwa kwa heshima na wadogo kwa busu, na Mama umwongezee salamu nyingine. Ukinijibu, nijibu kwa karatasi, hata mistari miwili inatosha. Kazini kwa sasa niko salama, na afya inaniruhusu.

Ni mimi,
wifi yako.